Neno Alilolitoa Mzee Balthazar Mlangoni

Siku ya kwanza kumwona Mzee Balthazar nilidhani amepotea njia. Ilikuwa Jumatatu, siku yangu ya kwanza ghalani Wetherill Park, huku Australia, na tulikuwa wapya tisa tumepangwa mstari mmoja, tumevaa vizibao vya njano ambavyo bado vilikuwa na mikunjo ya dukani. Msimamizi alikuwa anaeleza kanuni za usalama kwa Kiingereza cha kwenda mbio. Nyuma yangu alisimama mzee mwembamba, kichwa kizima mvi, miwani imefungwa kwa uzi. Nikasema moyoni, huyu ni baba wa mtu, amemletea mwanawe chakula. Halafu nikasikia Kiswahili safi karibu na sikio langu.

"Anasema usipite chini ya mzigo ulioinuliwa na forklift. Anasema ukiumia umwambie yeye kwanza. Sasa anasimulia habari za mbwa wake, hizo sizitafsiri."

Nilishtuka hadi nikageuka. Nikamuuliza amejuaje kwamba nazungumza Kiswahili.

"Tangu tumeingia unamwomba Mungu usifukuzwe leo," alisema. "Na huombi kimyakimya kama unavyodhani."

Alikuwa na miaka sitini na tano. Aliishi peke yake Campbelltown, katika nyumba ya serikali, na kila siku alipanda treni na mabasi mawili ili aje kupanga maboksi ya dawa ya meno. Mapumziko tulikaa pamoja. Alikula viazi vya kuchemsha vilivyopoa na hakulalamika. Mwezi wa tatu boksi liliponiangukia mguuni, alitamka maneno ambayo sikuyajua, nikamuuliza ni lugha gani.

"Kilatini. Nilikuwa mtawa."

Alikuwa mtawa miaka kumi na minne, katika monasteri milimani Kivu, na kazi yake ilikuwa kutunza vitabu. Vita vilipofika mwaka tisini na sita, vitabu viliungua, watawa wenzake wakatawanyika, na yeye akavuka ziwa hadi kambini Tanzania. Nilibaki nimeshika boksi langu. Mimi niliishia darasa la sita. Sikujua kwamba mtu aliyesoma vitabu vya namna hiyo anaweza kusimama hapa na mimi, tukigombea nani anyanyue lililo zito.

"Kilatini hakinyanyui boksi, Blaise," alisema. "Shika upande wa pili."

Jumapili tulikutana Granville, katika kanisa letu la watu wa Kiswahili. Wengine tulikuwa Wakatoliki zamani, wengine Wapentekoste, wengine Wamethodisti. Hapa lugha ilituweka pamoja kwenye ukumbi mmoja wa halmashauri. Mchungaji wetu alikuwa Pasta Kubwimana, Mrundi, aliyeanza kuhubiri kambini. Alimpenda sana Mzee Balthazar. Akikwama kwenye maandiko alimpigia simu, hata siku za kazi, na mzee alimjibu akiwa amejificha nyuma ya maboksi.

Mtu mwingine mkubwa pale alikuwa Précieux, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Ndiye aliyeongea na watu wa halmashauri tukapata ukumbi, na ufunguo alikaa nao yeye. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tatu, mnene, mcheshi, anayejua fomu zote za nchi hii. Mzee Balthazar alikuwa baba yake wa ubatizo. Alimshika kwenye maji akiwa mtoto wa wiki tatu, kabla mzee mwenyewe hajaweka nadhiri za utawa. Précieux alimwita Parrain, kwa Kifaransa, hata mbele ya Wazungu. Kwa hiyo mchungaji alikuwa rafiki yake na mwenyekiti alikuwa mtoto wake, na hakuna aliyeona ubaya.

Ugomvi ulianza Pasta alipokwenda Brisbane kuzika. Jumapili hiyo Précieux aliwasimamisha watu wake wawili mbele ya kanisa, akatangaza kwamba kuanzia leo ni wazee wa kanisa, akawaketisha kwenye viti vya mbele. Pasta aliporudi na kuwakuta wameketi, hakuhubiri. Alisimama tu, Biblia mkononi.

"Mzee wa kanisa huwekwa kwa mikono ya mchungaji," alisema. "Nani ameweka mikono hapa?"

"Pasta, ukumbi umeandikwa jina langu," Précieux alimjibu. "Mimi ndiye niliyewapa paa. Nitashindwaje kuwapa wazee?"

Wiki ile kamati ya jumuiya iliandika barua kwamba Kubwimana si mchungaji tena, wakaituma kwenye simu za watu wote. Nilikuwa kazini nilipoisoma. Niliisoma mara tatu nikidhani sijaielewa. Jumapili iliyofuata Pasta alisimama akasoma karatasi yake. Précieux ametengwa. Asisalimiwe kwa mkono. Mtu asile naye chakula. Mtu asifanye kazi katika sherehe yake. Atakayekula naye, naye ametengwa.

Sisi tuliokaa kambini tunaijua adhabu hiyo. Nilikuwa nimewahi kuona mtu aliyetengwa akichota maji bombani, na foleni nzima ikarudi nyuma. Lakini sikutegemea kuiona Australia, katika ukumbi wenye kibao cha kuzuia kuvuta sigara.

Kilichofanya iwe mbaya zaidi ni harusi. Binti ya Précieux, Belyse, alikuwa aolewe baada ya wiki sita. Alasiri ile ile simu zilianza. Wapishi walijitoa. Kwaya ikajitoa. Ghalani niliona wanaume waliokuwa wakicheka na Précieux juzi wakizungukia safu nyingine ya rafu ili wasipishane na mpwa wake aliyefanya kazi nasi. Belyse, ambaye anafanya kazi ya kuwahudumia wazee huko Parramatta, alisema jambo moja tu, na habari ikatufikia wote: kama baba yangu haniingizi kanisani, mimi siingii.

"Nitakwenda kula kwa Précieux," Mzee Balthazar aliniambia. "Unipeleke. Goti langu halitaki basi Jumamosi."

"Mzee, watakutenga."

"Sikusema ule wewe. Nimesema unipeleke."

Nilimpeleka. Nikabaki ndani ya gari, vioo nimepandisha, kama polisi wa kwenye sinema. Baada ya muda Belyse alitoka na sahani imefunikwa kwa karatasi ya fedha, akagonga kioo.

"Anko, ni wali tu."

Nikamwambia nimeshiba. Tumbo langu likanguruma akalisikia. Alisimama kidogo, kisha akairudisha sahani ndani.

Kesho yake, baada ya ibada, Pasta aliniita kando. Aliniuliza kwa upole, na ndiyo maana sikuweza kukwepa.

"Ni wewe uliyempeleka Mzee?"

"Ndiyo, Baba Pasta."

"Alikula?"

"Alikula."

Alifumba macho. Halafu akarudi mbele, akawazuia watu waliokuwa wanatoka, akataja jina la Balthazar. Nilimwona mzee akisikiliza jina lake kama anasikiliza la mtu mwingine. Aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka, na watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji. Nilimkuta kwenye gari langu, amesimama upande wa abiria.

"Nimekusema, Mzee," nikamwambia.

"Umesema kweli. Na nilikula sana, kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo. Twende nyumbani kwa Pasta, tumsubiri."

Pasta alipofika alimkuta mzee amepiga magoti kwenye zulia la sebuleni, goti lake bovu na lile zima. Mke wa Pasta alikuwa analia jikoni. Mzee aliomba msamaha kwa kuvunja amri ya kanisa. Pasta alimwinua haraka, akamwondolea adhabu.

"Sasa mimi ni safi?" Mzee aliuliza.

"Ni safi."

"Vizuri. Basi tuzungumze habari za Précieux."

Walizungumza saa mbili. Njiani kwenda stesheni nilimuuliza kama hakuona aibu kupiga magoti mbele ya mtu mdogo kwake kwa miaka ishirini.

"Si mimi wa kwanza," alisema. "Karibu miaka elfu moja iliyopita kulikuwa na abate mmoja, Hugo, mkuu wa monasteri ya Cluny kule Ufaransa. Alikuwa baba wa ubatizo wa Henri, mfalme wa Wajerumani, yule aliyekuja kuwa kaisari. Na alikuwa rafiki wa Papa Gregori. Hao wawili wakagombana: nani anamweka askofu, nani anampa pete na fimbo. Henri akaandika kwamba Gregori si Papa. Gregori akamtenga Henri na kuwaambia watu wake wasimtii."

"Watu wakafanyaje?"

"Kama wapishi wa Belyse."

Nilipunguza mwendo ili treni isitukute tumefika.

"Henri akavuka milima ya theluji na mkewe na mtoto mdogo, mpaka ngome ya Canossa alikokuwa Papa. Akasimama nje siku tatu, miguu mitupu."

"Mfalme?"

"Mfalme."

"Na Papa yuko ndani?"

"Ndani, penye moto, nadhani. Hugo naye alikuwa ndani. Yeye na bibi mwenye ngome ndio waliomsihi Papa afungue. Na kuna mwandishi wa siku zile anayesema Hugo mwenyewe alikuwa ametoka tu kuondolewa adhabu, kwa sababu alikutana na Henri. Kwa hiyo niko kwenye ukoo mzuri."

Nilikuwa nimeenda kanisani maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Papa alimwacha mfalme kwenye theluji siku tatu. Nikamuuliza iliishaje.

"Mlango ulifunguliwa," alisema, akashuka.

Baada ya wiki mbili za kwenda na kurudi, Pasta na wazee wake wa zamani walitoa sharti. Précieux asimame nje ya mlango wa ukumbi Jumapili tatu, wakati wa ibada, bila viatu. Ndivyo tulivyofanya kambini. Mzee Balthazar aliposikia neno "tatu" na neno "viatu" aliketi juu ya boksi, rangi imemtoka.

"Sikumwambia Pasta habari za Canossa," alisema. "Blaise, wewe ulimwambia?"

"Mimi? Mimi simwambii mtu kitu."

"Hilo kweli."

Précieux alikubali. Hatukuamini. Ilikuwa Julai, baridi na mvua ya upande upande, na yule mtu tuliyezoea kumwona na suti alisimama kwenye lami ya Granville, suruali imekunjwa, vidole vya miguu vimekuwa vyeupe. Jumapili ya pili mama mmoja Mwaustralia aliyekuwa anatembeza mbwa alimletea blanketi na kumuuliza kama apige simu ya msaada.

"Asante, mama," Précieux alimjibu kwa Kiingereza chake cha ofisini. "Nasubiri kanisa."

Tuliimba ndani huku tukimwona kupitia kioo. Mimi sikuimba. Nilikuwa namtazama Belyse. Alikuwa nje na baba yake, amemshikia mwavuli, naye amevua viatu.

Jumapili ya tatu, siku sita kabla ya harusi, tulidhani Pasta atafungua mwanzoni. Hakufungua. Alihubiri mpaka mwisho, akatoa baraka, na mlango ungali umefungwa. Watu walianza kutazamana. Ndipo Mzee Balthazar alipoinuka, akaenda akasimama mlangoni, mgongo kwenye kioo.

"Pasta, siku zimetimia."

"Nitajuaje kwamba hatarudia?" Pasta alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Paza sauti, mimi na wote hawa tukusikie, Mzee. Huyu ni mtoto wako. Weka mkono juu ya Biblia, uape kwa niaba yake."

"Siapi."

Nilidhani amemwacha Précieux.

"Kanuni ya monasteri ilitukataza kuapa," mzee alisema. "Mengine vita vimeninyang'anya. Hilo bado ninalo. Lakini nakupa neno langu mbele ya watu hawa. Précieux akiligusa kanisa hili tena, mnitenge mimi."

Pasta akapita kando yake, akafungua mlango mwenyewe, akamkumbatia Précieux pale pale kwenye maji ya mvua. Wote wawili walilia, na sisi tukalia, na mbwa wa jirani akabweka.

Jumamosi Belyse aliingia kanisani ameshikwa mkono na baba yake. Wapishi walikuwa wamerudi. Mzee Balthazar alikaa kiti cha pili, suti ya kuazima, na wimbo wa kuingia ulipoanza hakugeuka kutazama kama wengine. Aliangalia sakafu mpaka walipompita, kisha akatoa leso.

Jumapili ya pili baada ya harusi, wiki moja na siku moja, tulifika ukumbini tukakuta kitasa kipya. Ndani kulikuwa na sauti za vyombo. Kupitia kioo nilimwona Précieux mstari wa mbele, wale wazee wake wawili kwenye viti vyao, na mchungaji mgeni kutoka Melbourne akijaribu kipaza sauti. Pasta Kubwimana aligonga. Précieux alisogea mpaka kwenye kioo.

"Hii ni nafasi ya jumuiya," alisema kutoka ndani. "Andika barua pepe."

Tulibaki kwenye maegesho, watu sitini na watoto, tumeshika Biblia na vyungu vya chakula. Mama mmoja aliketi chini. Niligeuka kumtafuta Mzee Balthazar. Alikuwa amesimama kando ya pipa la taka, anafungua kamba za viatu vyake.

Tulianza kusali kwenye gereji ya muumini mmoja, mitaa miwili kutoka pale. Kila Jumapili mzee alikuja kwa treni kutoka Campbelltown, akavua viatu getini, akasimama nje. Pasta alimtokea.

"Mzee, ingia. Hakuna aliyekutenga."

"Nilisema mnitenge."

"Sisi hatutaki."

"Basi kazi hiyo nitaifanya mwenyewe. Rudi ndani, watu wanakungoja."

Jambo hilo lilitukosesha raha kuliko kitasa. Na kilichotushtua zaidi ni kwamba siku za Jumamosi alikwenda kwa Précieux, yule yule, akakaa naye, akala naye. Nilimuuliza anawezaje.

"Ni mtoto wangu wa ubatizo," alisema. "Sikumshika kwa mkataba."

Watu wa Précieux wakasema anapeleleza kwa ajili ya Pasta. Watu wetu wakasema alituuza, kwamba bila neno lake tungeshika msimamo. Kufikia Septemba hakuna upande uliomsalimia kwa mkono, ingawa hakuna aliyesoma karatasi yoyote. Mimi nilimsalimia. Lakini nikimpeleka gereji nilimshusha mtaa wa nyuma, ili gari langu lisionekane. Alijua, na alishuka bila kuuliza.

Mwezi huo huo Elvire, mpwa wa mzee, alimpigia simu kutoka Hobart, akamwambia ana chumba. Mzee aliacha kazi Ijumaa. Vitu vyake vilienea katika sanduku moja na mfuko wa plastiki. Alifia huko mwezi wa Novemba, usingizini, na Elvire ndiye aliyenipigia simu. Pasta na Précieux walinipigia pia, kila mmoja kwa wakati wake, kuuliza kama ni kweli.

Siku alipohama, nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Njia nzima nilitaka kumuuliza jambo moja na sikuweza kuanza. Kwa hiyo nilimwomba animalizie habari za Hugo.

"Hugo alikataa kuapa, akatoa neno tu. Papa akafungua," alisema. "Baadaye Henri akarudia. Gregori akamtenga mara ya pili. Henri akaingia Roma na jeshi, akamweka Papa wake mwenyewe. Gregori alifia Salerno, mbali na kiti chake."

Nilikaribia kupita taa nyekundu.

"Hayo ulikuwa unayajua siku ile mlangoni?"

"Nilikuwa mtunza vitabu, Blaise."

Tulifika mahali pa kushushia abiria. Pale hairuhusiwi kukaa. Mlinzi alikuwa tayari ananipungia mkono niondoke, na gari la nyuma likapiga honi. Mzee alishuka, nikampa sanduku, nikampa mfuko. Alikuwa ameanza kugeuka nilipopata sauti. Nikamuuliza kama alijua kwamba Précieux atalivunja neno lile.

"Nilijua," alisema. "Harusi ilikuwa Jumamosi. Ulitaka nifanye nini?"